Mshono wa Gunia la Kibirichia

Katika safari ile ya siku tatu, mimi nilikuwa mtu wa mizigo. Wenzangu kumi na watatu wa kanisa walikuja kuhubiri na kuimba, na waliifanya kazi hiyo vizuri kuliko nilivyotarajia. Mimi nilipewa kazi ya kununua, kwa sababu ninauza mitumba Meru mjini na inajulikana siwezi kuchukua kiberiti bila kuhesabu njiti. Siku ya kwanza tulikuwa Kibirichia, tukiombea wagonjwa nyumba kwa nyumba. Kesho yake ilikuwa Kanja, na siku ya tatu gereza la wanawake upande wa Embu. Gerezani walikuwa wameomba viazi.

Mama wa Kibirichia niliyetumwa kwake kuvinunua alikuwa na magunia matano. Alinipa chai kwa mkono wa kushoto. Nikajua ananidharau, na nilipotaja bei yangu nikaishusha zaidi.

"Hiyo ni bei ya mwaka gani, pastor?"

"Mimi si pastor."

"Nimeona. Pastor hangebishana hivi."

Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe alilegeza kidogo, nami nikadai magunia yavalishwe kilemba, maana huku mnunuzi hutaka viazi virundikwe kupita mdomo wa gunia, vizungushiwe wavu. Manne akayavalisha bila neno. La tano akalishona mdomo kwa sindano ndefu na kamba ya katani, polepole, mishono yote ikilalia upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

"Na kilemba cha hili?"

"Hili nataka mdomo wake uonekane." Akashona kidogo kabla ya kuendelea. "Mmoja wa hao mnaoenda kuona ni msichana wangu. Siku ya hukumu nilimwambia asinitarajie. Huu ni mwaka wa tatu na sijui nianzie wapi. Kushona hivi ni mimi nilimfundisha. Akiona, atajua ni mimi nimetuma."

Nikamuuliza kama ana maneno nimpelekee.

"Maneno ndiyo yalituharibia."

Nilihesabu mishono: kumi na tisa. Nikahesabu tena nikipakia, kisha tena Kanja, ambako mvua ilitufungia kwenye kanisa la mabati na akina mama wakatupikia kama tumeleta mahari. Wenzangu walikesha wakiomba na wenyeji. Mimi nililinda gunia.

Kwenye geti la gereza tulipokelewa na afande mwanamke, mrefu, kisu mkononi. Yale manne aliyakata wavu, akayamwaga, akayakagua, na kazi yake ilikuwa safi. Hakukanyaga kiazi hata kimoja. Akageukia la tano.

"Afande, hilo naomba lifunguliwe ndani."

"Lina nini?"

"Viazi."

"Na chini ya viazi?"

"Viazi vidogo. Ndivyo wauzaji wanavyotufanyia."

Hakucheka. Nikaona hapa ujanja hauna soko, nikamweleza yote, mama, mshono na ile miaka. Sijawahi kubishania kitu nikiwa na kidogo hivyo cha kutoa. Nilimwambia adunge ubavu wa gunia kwa chuma mara anazotaka, mradi auache mdomo.

"Barua tunasoma," akasema. "Kushona sina sheria yake."

Akachukua chuma kirefu chenye ncha, akadunga mara kumi na moja, kila upande, kwa nguvu. Kisha akaagiza libebwe zima mpaka jikoni, naye akalifuata nyuma.

Kule jikoni mwanamke mmoja aliweka sufuria chini kabla hatujasema lolote. Akapitisha kidole juu ya mshono, mwanzo hadi mwisho.

"Ni kumi na tisa," nikamwambia, nikidhani namsaidia.

"Si hesabu. Imelalia upande mwingine. Ameshona kwa kushoto. Mkono wa kulia umefanya nini?"

Nilikuwa nimehesabu mara tatu na sikuona. Nikakumbuka kile kikombe cha chai.

Aliifumua kamba bila kuikata. Viazi vilipokwisha kumwagwa, akamwomba afande sindano, akaziba tundu kubwa kuliko yote yaliyoachwa na chuma, afande akimsimamia mpaka mwisho. Kamba iliyobaki na sindano akavirudisha. Gunia akanipa mimi.

"Mrudishie mwenyewe."

Wengine walienda nyumbani. Mimi nilipanda Kibirichia siku mbili baadaye na gunia tupu kwapani, safari ambayo haikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Mama alilipokea kwa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa leso, kifundo kimevimba, na sijui siku ile nilikuwa naangalia nini.

"Anauliza mkono umefanya nini," nikamwambia.

"Aliona?"

"Mara moja. Mimi sikuona."

"Wewe ulikuwa unaona bei." Akaligeuzageuza gunia mpaka akalipata lile tundu lililozibwa. Kisha akauliza, "Wageni wanaruhusiwa siku gani?"

Nikamwambia.

"Na mtu akibeba ndizi?"

"Watazikata kukagua, mama."

"Wakate," akasema. "Nauli ya Embu ni ngapi?"

Nikamtajia ile ambayo kondakta ataanza nayo, halafu nikamtajia ile atakayoikubali akibishana naye.