Chapa ya Chama Mgongoni mwa Shati Langu

Leo ni tarehe 9 Novemba, miezi mitano na siku kidogo tangu niage kwetu Singida. Nina miaka ishirini na sita, nimesoma hadi darasa la tano, na kazi yangu ni kuli. Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, mhariri ameniahidi kulificha jina langu, na majina ya watu nimeyabadilisha. Naandika kwa sababu huku nilipo sina wa kumwambia.

Nipo Makote, Newala. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua korosho, kila msimu matajiri wanakuja na malori, nasi makuli tunawafuata. Nilipofika sikuwa na pa kulala. Mzee mmoja, nitamwita Baba Zuhura, mlinzi wa ghala la chama cha msingi cha wakulima, alinipa chumba na mkeka. Kodi alikataa. Alisema, "Ukirudi kwenu useme tu kwamba Wamakonde tuna adabu."

Ijumaa moja mchana, Baba Zuhura akiwa msikitini, msimamizi wetu alituchukua makuli wanne na lori hadi kwenye ghala la chama. Alikuwa na ufunguo. Sikumuuliza kaupata wapi. Alisema, "Chama kimetuuzia. Fanyeni upesi." Nilijua ni uongo, maana karani wa chama hakuwepo na hakuna aliyepima kitu. Lakini nilibeba. Magunia yalikuwa yamepigwa chapa asubuhi ile kwa wino mwekundu, haujakauka vizuri, na mimi nilikuwa natoka jasho. Tulipofika kwenye ghala la tajiri wetu tuliyamwaga, tukayapindua ndani nje, tukajaza tena, tukapiga chapa ya tajiri kwa wino wa buluu. Jioni lori likaondoka kuelekea Masasi.

Niliporudi nyumbani, Mama Zuhura, mke wa yule mzee, alikuwa anapepeta mtama uani. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Hebu geuka. Umelala juu ya nini? Vua hilo shati, wino ukilala hautoki!" Ni shati langu jeupe la mtumba, la kuendea kanisani, nililivaa siku ile kwa sababu lile jingine lilichanika. Akalitia kwenye ndoo. Huku maji yananunuliwa, tena kwa kupanga foleni, na yeye alimaliza ndoo nzima kwa ajili yangu. Alipaka ndimu na chumvi, akalianika. Wino ulififia kidogo tu.

Kesho yake, yeye akiwa shambani, nilifanya ujinga ambao mtoto wa huku hawezi kuufanya. Niliona mabibo yamejaa chini ya mikorosho, nikasema moyoni, hili tunda lina ukali kuliko ndimu. Nikakamua mabibo juu ya ule wino, nikasugua, nikalianika juani. Mama Zuhura aliporudi alicheka hadi akakaa chini. "Nyie watu wa bara! Maji ya bibo hayatoki mpaka shati lizeeke! Hakuna aliyekwambia?" Nami nikacheka. Kisha nikaliangalia vizuri. Pale nilipofuata wino kwa bibo palikuwa pamekuwa kahawia, na herufi za chama zilikuwa zimesimama, zimegeuka kinyume kama kwenye kioo, pamoja na namba ya gunia.

Jumatatu polisi walimchukua Baba Zuhura. Kufuli halikuvunjwa, kwa hiyo walisema mlinzi ndiye aliyefungua. Alipita mbele yangu amefungwa mikono akaniambia, "Mwanangu, waangalie hawa nyumbani."

Siku ya tatu msimamizi alinivuta pembeni. Alikuwa ameshika shati jipya, bado lina pini za dukani. "Chukua hili. Lile jeupe ulete." Nikamwambia limeloekwa. Akanishika bega kama rafiki. "Wewe ni mtu wa mbali, bwana. Mtu wa mbali akipotea, watu wanasema karudi kwao." Akacheka. Wenzangu watatu nao walicheka, lakini hawakuniangalia. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiuliza kama shati limekauka.

Kumbe shati lenyewe analo Mama Zuhura. Amelikunja kwenye kanga yake, halitoi. Juzi alilitandaza magotini, akapitisha kidole juu ya doa. Yeye hajui kusoma. "Mwanangu, wewe umesoma. Naona kama maandishi haya?" Nikamwambia, "Ni uchafu tu, mama." Akasema, "Basi kesi ya baba yako itatajwa baada ya wiki tatu. Siku hiyo nikimpelekea chakula Newala mjini nitalibeba. Karibu na kituo cha polisi yupo dobi anayefua nguo za askari, ana dawa ya wino. Usihangaike, nitamlipa mimi." Na kila siku ananiwekea chakula kabla hajala yeye.

Shati lile ndilo kitu pekee kinachoweza kumtoa mzee yule ndani, na ndilo litakaloniweka mimi. Nikimpa msimamizi shati hilo, Baba Zuhura atafungwa na mimi ndiye nitakayekuwa nimemfunga. Nikimwambia Mama Zuhura ukweli, sijui kama msimamizi ataniacha nifike hata kituoni. Nikinyamaza, dobi atalikunjua mbele ya askari, na yule mama atakuwa amelibeba mwenyewe bila kujua.

Mliozoea kesi, na nyinyi mliowahi kukaa ugenini, niambieni kabla ya wiki tatu: nimsomee yale maandishi mama huyu, au nilichukue shati niondoke? Mama yangu mzazi nimeshamwandikia kwamba anipokee stendi ya Singida wiki ya kwanza ya Januari.