Waya wa Kuanikia Nguo

Fundi wa soko la Gikomba amewasha redio kuukuu. Harufu ya vumbi linaloungua juu ya taa za kioo zilizo ndani yake imenirudisha kwetu, chini ya mlingoti wa redio ambako baba aliendesha mtambo. Mawimbi yake yalikuwa na nguvu mno hata waya wetu wa kuanikia nguo, paliposhika kutu, ulizungumza. Saa saba mchana ulisoma matangazo ya vifo.

"Anua hiyo shati ya baba yako, isisikie hao wafu," mama aliniambia kila siku.

Siku moja nilinogewa na kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nikasahau. Waya ukanyamaza ghafla katikati ya jina la mtu. Mama akautazama mlingoti, akaanua shati likiwa bado linatona maji, akalikumbatia.

Kesho yake waya ulizungumza tena. Jina la kwanza lilikuwa la baba.