Taa ya Hospitali na Jua la Ilongero

Ninyi mnaonitazama usoni, tazameni tu, nimeshazoea. Mimi ni mkulima wa alizeti hapa Ilongero, na kabla ya kuugua nilikuwa na uso wa kawaida na mdomo usiokawia kucheka.

Vilianza vipele vidogo chini ya macho. Nikadhani ni joto. Vikawa vigumu, vyekundu, vikasambaa mpaka kidevuni, vingine vikatoa maji. Wifi yangu Neema, niliyekula naye sinia moja tangu niolewe, akaanza kunitengea bakuli pembeni. Heri angenitukana.

Hospitali kubwa walikata kinyama kidogo, wakapima. Daktari akasema, "Mama, ni ugonjwa wa nadra, lakini hauambukizi. Tutautibu kwa vidonge pamoja na mwanga wa taa maalumu." Nilirudi nyumbani na vidonge vyangu na habari ile kwa furaha. Neema akajibu, "Sawa wifi, ila tuwe waangalifu tu." Bakuli likabaki.

Basi nikataka kupona upesi. Mama mkwe akaniambia, "Kama mwanga ndio dawa, jua la Mungu lina kosa gani?" Nikaona ana akili kuliko madaktari wote. Wakati wa kupiga alizeti kutoa mbegu, nikavua kitambaa nilichofunikia uso, nikaliinulia jua uso mchana kutwa. Jioni nilikuwa nimevimba, macho hayafunguki, malengelenge yamejaa mashavuni. Nililia kwa maumivu, nikalia na kwa hasira.

Niliporudi hospitali, daktari hakunigombeza. "Taa yetu tunaipima, mama. Jua nani atalipima? Na vidonge hivi vinafanya ngozi iungue haraka."

Matibabu yakasimama mpaka vidonda vikauka, kisha tukaanza upya: vidonge nyumbani, taa kliniki, kofia pana shambani. Haraka haraka haina baraka; niliimba hivyo tangu utoto, nikaja kuelewa ukubwani. Miezi ikapita, vipele vikanywea kimoja kimoja. Makovu yamebaki, kama mnavyoona.

Sikukuu moja wageni walijaa nyumbani. Neema akaniletea bakuli langu. Nikamwambia, "Wifi, hili wape kuku." Nikanawa, nikapeleka mkono kwenye sinia la wote. Neema aliutazama mkono wangu, kisha akanisogezea mboga.

Namshukuru Mungu, na daktari aliyenivumilia. Wewe unayeumwa, usikatishe dawa, wala usijiongezee dozi, hata ya jua. Na ninyi wazima, daktari akishasema ugonjwa hauambukizi, kaeni mle na mgonjwa wenu. Msisubiri apone.