Sévère na Kifungu cha Tisa

Sévère alikuwa mwandishi wa watu pale Kimanga, mtaa wa mji wa Uvira. Ukiwa na barua ya kumpelekea mkuu wa shule, ombi la kazi, au malalamiko juu ya jirani aliyesogeza ukuta, ulikwenda kwake, ukakaa kwenye benchi lake fupi, ukaeleza, naye akaipiga kwa mashini ya kuandikia. Ilikuwa mashini ya zamani isiyohitaji umeme, na hiyo ndiyo ilimpa kazi, maana umeme wa Uvira hukatika bila kuaga.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mke wake, Louise, alifariki miaka tisa iliyopita kwa ugonjwa wa figo, na hawakuwa wamepata mtoto. Aliishi Songo, katika nyumba ya vyumba viwili, na kila asubuhi alitoka mapema kuliko kazi ilivyodai. Watu walimsifu kwa bidii. Ukweli ni kwamba alishindwa kunywa chai peke yake ndani ya nyumba ile.

Kibanda chake cha mbao kilikuwa katikati ya vibanda viwili. Kushoto alikaa Hyacinthe, fundi wa redio na simu, mtu wa maneno mengi, ambaye mezani pake palikuwa daima na redio tatu zinazosema kwa pamoja lugha tatu. Kulia alikuwa Victoire, mjane kama yeye, aliyeuza chai na mandazi. Mbao zilizowatenganisha zilikuwa nyembamba kiasi kwamba Hyacinthe akipiga chafya, Victoire alimwombea afya kutoka upande wa pili, na sauti zote mbili zilipita juu ya kichwa cha Sévère. Hawakuwa wamewahi kutembeleana nyumbani. Hapo tu, kuanzia saa moja asubuhi hadi jua lilipokaribia kuzama, ndipo walipokuwa watu wa pamoja.

Kisha baraza la mji likatangaza mpango wa kujenga upya katikati ya mji. Vibanda vyote vya mstari ule vingevunjwa. Barabara ingepanuliwa, mifereji ingechimbwa ili maji ya mvua yasilale tena sokoni, na soko la etaje mbili, yaani la ghorofa, lingejengwa. Tangazo lilisema kwamba kabla ya kukata shauri, baraza linataka kusikia wananchi. Kila mwenye maoni ayaandike na kuyafikisha ofisini ndani ya wiki tatu.

Kwa hiyo watu walikuja kwa Sévère. Walipanga mstari mpaka mbele ya meza ya Hyacinthe. Mama mmoja wa samaki alitaka apewe sehemu ya chini, kwa sababu beseni la ndagala halipandi ngazi. Dereva wa pikipiki aliyetoka Luvungi aliuliza abiria wake watashukia wapi. Wanawake saba walikuja pamoja na ombi moja tu: vyoo viwe na milango inayofungwa kwa ndani. Mzee mmoja alimwambia aandike kwamba anakubali kila kitu, kisha akakaa pale asubuhi nzima akieleza kwa nini hakubali. Sévère aliandika yote. Aliyanyoosha maneno, akayaondolea matusi, akawasomea wenyewe kwa sauti kabla hawajatia sahihi au kidole.

Siku ya mwisho, mchana, Victoire alimletea chai akasimama mlangoni.

"Papa Sévère, weye uliandika nini?"

"Minye? Niliandika ya watu."

"Ya watu tuliona. Ya kwako iko wapi?"

Hyacinthe alidakia kutoka kwake. "Huyu hana neno, mama! Maneno yake yote yalikwisha kwa barua za wengine."

Walicheka, naye akacheka. Lakini walipokwenda zao aliingiza karatasi kwenye mashini na kuiangalia kwa muda mrefu. Alianza kuandika juu ya mifereji, akaitoa. Akaanza juu ya mwanga na hewa, akaitoa nayo. Mwisho akapiga mstari mmoja: *Wale waliofanya kazi bega kwa bega miaka mingi, wawekwe bega kwa bega katika soko jipya.* Akatia sahihi, akaikimbiza ofisini kabla hawajafunga.

Wiki iliyofuata baraza lilikutana na wananchi katika ukumbi wa parokia. Ukumbi ulijaa, wengine wakasikiliza madirishani. Washauri walikaa nyuma ya meza ndefu, na Noella, katibu wa baraza, akasoma maoni moja baada ya jingine. Sévère aliyatambua karibu yote. Yalikuwa maneno yake na hayakuwa yake. Watu waligombana juu ya barabara. Wenye maduka makubwa walitaka kazi ianze kesho, wenye vibanda walitaka kwanza kujua watawekwa wapi. Mama wa samaki aliinuka akasema mambo yake upya kwa ukali ambao Sévère alikuwa ameufuta, na akapigiwa makofi.

Noella alipofika kwenye ule mstari mmoja, mshauri mmoja aliinua kichwa.

"Aliyeandika hii yuko hapa? Aeleze."

Sévère aliinuka. Hakuwa amezoea kusema mbele ya watu. Kijana mmoja mfanyabiashara akapaza sauti nyuma: "Papa, unatafuta fasi ya biashara ao unatafuta bibi wa kuoa?" Ukumbi ukaangua kicheko.

Alingoja kicheko kiishe.

"Kwangu nyumbani hakuna muntu," alisema. "Nikifunga mlango jioni, sauti ya muntu nitaisikia tena kesho yake, pale kazini. Mukinipa fasi nzuri kati ya watu nisiowajua, mutakuwa mumenipa ukuta. Ni hiyo tu."

Akakaa. Hakuna aliyecheka tena. Victoire, aliyekuwa mistari miwili mbele, hakugeuka, lakini alivuta kitambaa chake cha kichwani mbele kidogo kana kwamba jua lilikuwa linampiga humo ndani.

Baraza lilijadili kwa siku nne, na mpango ulipobandikwa ukutani pa ofisi, ulikuwa umebadilika. Wauza samaki walipewa chini. Milango ya vyoo ilitajwa waziwazi. Na kifungu cha tisa kilisema kwamba majirani wa zamani watakaa jirani, na nafasi zao zitahifadhiwa kwa majina yao; hatapewa mtu mwingine. Sévère alikisoma mara tatu akiwa amesimama juani. Hyacinthe alimpiga mgongoni. "Umeandika sheria, mzee!"

Vibanda vilivunjwa mwezi wa sita. Wakapewa uwanja wa muda kule juu Songo, karibu na nyumba ya Sévère, na hapo hakuna mteja aliyetaka kupanda. Victoire alivumilia miezi mitatu akimwaga chai iliyopoa, kisha akaenda Luvungi kwa dada yake. "Soko likiisha kujengwa nitarudia," alisema. Hyacinthe alidumu zaidi kidogo. Siku moja alifunga redio zake ndani ya magunia mawili akavuka mpaka kwenda Bujumbura, ambako shemeji yake alikuwa na duka. "Unipigie wakifungua," alisema.

Kazi ilipaswa kuchukua miezi kumi. Mvua ikaja, ziwa likapanda likala barabara ya chini, mashine zikahamishwa kwenda kuokoa mahali pengine. Miaka miwili ikapita. Mwanzoni Victoire alipiga simu kila Jumapili baada ya misa, halafu sikukuu tu. Namba ya Hyacinthe iliita kwa muda, kisha ikaacha kupatikana. Sévère aliendelea kupiga mashini chini ya turubai, akipata watu wawili watatu kwa siku.

Soko lilipofunguliwa, alipewa ufunguo wa nafasi ya arobaini na mbili, etaje ya kwanza. Ilikuwa safi, ya matofali, na dirisha lililoangalia ziwa. Nafasi ya arobaini na moja na ya arobaini na tatu zilikuwa zimefungwa kwa kufuli, na juu ya kila mlango karatasi: *Imehifadhiwa, kifungu cha 9.* Baraza lilikuwa limetimiza neno lake.

Alimpigia Victoire siku hiyohiyo. "Wamefungua," alisema. "Asante Mungu!" alijibu Victoire, na kelele za pikipiki zikameza yaliyofuata.

Wiki zikapita. Kuta za matofali hazipitishi sauti. Etaje nzima ilikuwa na shughuli, ila pale mwisho, kati ya milango miwili iliyofungwa, palikuwa kama chumba cha mgonjwa. Wateja wenyewe walipungua; wengi sasa waliandika kwa simu. Kulikuwa na siku ambazo Sévère aliingiza karatasi kwenye mashini akapiga tarehe tu, asikie kitu kinachogonga.

Mwanamke mmoja aitwaye Émérance, mshona viatu, alikuwa anafanyia kazi kwenye ngazi kwa kukosa nafasi. Watu walimruka wakipanda na kushuka. Kila Jumatatu alikuja kuitazama ile karatasi ya mlangoni.

"Papa, hawa wenyewe watakuja siku gani?"

"Wako njiani," Sévère alimjibu.

Alimjibu hivyo Jumatatu tano. Ya sita aliona haya kumtazama usoni, na Jumanne yake akapanda pikipiki kwenda Luvungi.

Hakuhitaji kuuliza sana njia. Kibanda cha Victoire kilikuwa pale pale pikipiki zinaposimama, na madereva walikuwa wamekizunguka. Victoire alinenepa kidogo. Alipomwona alipiga ukelele wa furaha akamshika mikono yote miwili, akamkalisha, akamletea chai na mandazi matatu, kisha akaitwa na mteja, kisha na mwingine. Sévère alikunywa chai taratibu. Aliona jinsi anavyotaniana nao, jinsi anavyojua nani hataki sukari. Saa nzima ikapita kabla Victoire hajakaa.

"Fasi yako iko inakungoja," Sévère alimwambia. "Arobaini na tatu. Wameiandika kwa jina lako."

Victoire alijipangusa mikono kwenye kitenge.

"Juu ya nini hukuniambia kwa simu kama unakuja?"

"Ungenijibu kwa simu."

"Papa Sévère, minye sirudi. Nilifikiri ulishajua. Dada yangu iko hapa, watoto wake wako wananiita mama. Na kazi unaiona."

"Ninaiona."

"Na Hyacinthe nasikia alishapata duka lake kule Bujumbura. Hatarudi ule."

Sévère alitikisa kichwa kukubali. Hakuwa na swali jingine, akaanza kutafuta kofia yake. Ndipo Victoire akasema, bila kumtazama:

"Kule Kimanga, chai ilikuwa inaisha saa tisa. Unakumbuka nilikuwa ninafunga saa ngapi?"

"Jioni. Pamoja na minye."

"Saa tisa mpaka jioni nilikuwa ninauza nini?"

Miaka yote ile Sévère alidhani ni yeye aliyekuwa akiwasikiliza kupitia mbao. Hakuwaza kwamba kuna mtu alikuwa anamsikiliza yeye. Victoire alimfungia mandazi kwenye gazeti, akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki, akamwagiza dereva aende polepole.

Kesho yake Sévère aliandika barua fupi na kuipeleka kwa Noella. Noella aliisoma, akavua miwani.

"Papa, hiki ni kifungu chako. Mji mzima unakijua."

"Wenyewe hawarudi. Na kuna muntu anashonea viatu ngazini."

"Lazima baraza likae."

Baraza likakaa, siku ya Alhamisi, na safari hii hakuna mwananchi aliyekuja isipokuwa yeye. Viti vilikuwa vingi mno. Mshauri yuleyule alimuuliza: "Weye mwenyewe uliomba, na weye mwenyewe unakuja kukifuta?"

"Ndiyo. Siku ile nilisema kweli. Na leo nasema kweli."

Hawakuwa na la kujadili. Waliinua mikono, Noella akaandika, wakaenda kwenye shauri la taka. Yote hayakuchukua muda wa kuandika barua moja.

Nafasi ya arobaini na moja ilipewa mfanyabiashara wa unga, aliyeijaza magunia akaifunga. Alikuja mara moja kwa wiki. Ya arobaini na tatu ikawa ya Émérance. Sévère alikuwa amejiandaa kwa mazungumzo, akanunua hata kikombe cha pili, lakini Émérance alikuwa mtu wa kimya. Alikaa akiupa mlango mgongo, midomo imebana misumari, na asubuhi hadi jioni kilichopita ukutani kilikuwa mlio wa nyundo tu, mbali, kama wa nyumba ya tatu. Walisalimiana. Hayo yakawa yote, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyumbani Songo alirudi alivyorudi siku zote.

Mwezi ulipokwisha, mchana mmoja wa mvua, Émérance alitokea mlangoni akiwa ameshika kiatu kisicho na soli.

"Papa, uko unaandika Kifuliiru?"

"Nakisikia kidogo. Kuandika sijawahi."

"Mama yangu iko juu kwa milima. Simu haifiki. Kuna katekista anaweza kumusomea, lakini mama Kiswahili hakisikii vizuri."

"Unataka kumwambia nini?"

Émérance alifikiri. "Mengi," alisema.

Sévère alisogeza benchi, akalipangusa vumbi kwa kiganja.

"Basi sema polepole," alimwambia. "Neno nisilolijua, utanifundisha."