Sarafu ya Mamba Wawili

Hapa Kibiti nimepanga jirani na fundi pikipiki, na kila washa ya nati inapomponyoka, ikagonga sakafu na kujiviringisha ikilia mpaka ikatulia, moyo wangu hushtuka. Mume wangu hunicheka. Mwacheni acheke, hajui. Mlio ule wa chuma chenye tundu niliujua nikiwa na miaka tisa, kwetu Mbwera, na ninyi nitawasimulia ingawa habari yenyewe hainipambi.

Baba yangu alikuwa baharia katika meli ya wageni iliyovua jodari mbali huko Pasifiki, karibu na nchi ya visiwani iitwayo Papua Guinea Mpya. Alipiga simu mara moja kwa mwezi, nasi tukapanga foleni kwenye simu moja, Bibi akitangulia kwa kuwa ndiye aliyemzaa. Kisha siku moja akapiga mtu mwingine. Baba alikuwa amechukuliwa na wimbi. Wenzake watatu walimwona akizama, na maiti haikupatikana.

Shehe aliwahoji wale mabaharia kwa simu, akaridhika. Baba akasaliwa bila jeneza, tukakaa matanga, na Mama akaingia eda: miezi minne na siku kumi, shuka jeupe, chumbani, hana manukato wala safari. Bibi naye akagoma kula. Uji ulipoa mbele yake kila asubuhi, mifupa ya shingo ikamtokeza, hata mimi mtoto nikaona huyu naye anaondoka.

Eda ilipoingia mwezi wa pili, boti ya kutoka Nyamisati ilileta bahasha iliyopita mikono ya watu wengi. Nilipoifungua ikaanguka sakafuni, ikilia, sarafu kubwa nyeupe, ina tundu katikati, imetungwa kwenye uzi wa mshipi, pamoja na kipande cha boksi chenye mwandiko wa Baba, kwa jina langu: "Ya Mwanaidi. Hii ni kina moja, hela ya huku. Tazama mamba." Kweli, mamba wawili walikuwa wamelizunguka lile tundu. Jamani, nilishangaa! Kwetu mamba anakula watu mtoni, wenzetu wamemtia kwenye hela!

Akili yangu ya miaka tisa ikakata shauri papo hapo: maiti hatumi hela. Nikatoka mbio uani nikipiga kelele, "Baba yu hai! Baba katuma hela!" Bibi akanipokonya ile sarafu, akaibusu, akapiga kigelegele kilichowatoa majirani majumbani. Kisha akasema neno ambalo hatukuwa tumelisikia kwa wiki nyingi. "Nipeni chakula."

Tukamkimbilia Mama. Alikuwa mkekani pake. Aliishika sarafu, akapapasa ule uzi kwa kidole, halafu akatazama mlangoni, ambako Bibi alikuwa amesimama na bakuli la wali, anatafuna. Akanirudishia.

"Nzuri," alisema. "Ivae."

"Vua basi hilo shuka," Bibi alimwambia. "Mume yu hai, eda ya nani?"

"Nitamaliza siku zangu, mama."

Loo, nilimchukia! Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa nyumba mbili. Uani ilikuwa furaha. Bibi alipata nguvu, na kila Ijumaa tulimpikia Baba mkate wa kumimina. Asipofika tukaula wenyewe kwa vicheko, tukisema meli imechelewa. Chumbani alikuwa Mama. Nilimpelekea maji nikiyatua mlangoni bila hata salamu. Siku moja nilimkuta analia, nikamwambia kwa mdomo wangu huu: "Wewe unataka afe." Hakunipiga. Alijifuta uso, akaniambia nikacheze.

Bibi alifariki mwaka uliofuata, baada ya mfungo, akiwa ameshiba na akisisitiza mwanawe awekewe kipande cha mkate. Mimi niliacha kumngoja Baba polepole, hata sikumbuki lini. Lakini kinyongo kwa Mama kilibaki. Nilikua nacho, nikaolewa nacho.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama. Tulikuwa tunapeta mchele, nami nikamwuliza hatimaye, ilikuwaje asitumaini hata kidogo.

"Baba yako alinipigia siku tatu kabla ya kufa," alisema. "Akaniambia, sarafu ya mtoto nimempa mwenzangu anayerudi nyumbani. Ilipofika nikaijua."

"Mbona hukusema?"

"Bibi yako alikuwa ameanza kula."

Akaendelea kupeta. Siri ya mtungi aijuaye kata, wasemavyo watu, lakini mimi nililala nyumba moja na mtungi ule na sikujua kitu. Nikamwona mama yangu wa siku zile, wa umri wangu wa leo, amefiwa na mumewe, na nje ya mlango wake watu wa nyumba yake mwenyewe wanapiga vigelegele. Kila mfiwa hupata mtu wa kulia naye. Yeye alinyang'anywa, na aliyemnyang'anya ni mimi.

Nikaweka ungo chini. Ilikuwa imepita miaka kumi na minane.

"Pole, Mama," nikamwambia. "Pole kwa msiba."

Alinitazama kidogo. Kisha akajifunika uso kwa kanga, akalia kama mtu aliyeletewa habari asubuhi ile.