Pau Moto, Rahaleo

Mwezi uliopita nilikwenda Mtwara kwenye harusi ya mpwa wangu. Asubuhi wakaniletea chai na mkate wa kwenye nailoni, mweupe pepepe, ukiubana unabonyea kama sifongo. Niliutazama tu. Ndugu yangu, mtu aliyekulia Rahaleo, mtaa wa hapo hapo Mtwara, enzi zile, akaamshwa na pau moto, humdanganyi kwa kitu kile.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kimakonde wa ng'ambo, Msumbiji, aliyevuka Ruvuma kukimbia vita vya Mreno. Alikuja na ufundi mmoja, kuoka mikate. Alifukia pipa uani, akalikandika udongo, akawa analiwasha kwa makumbi ya nazi. Alfajiri, muadhini akishamaliza tu, harufu inaingia dirishani, halafu sauti yake: “Pau! Pau moto!” Alilitamka puani, kwa kulivuta. Ndivyo mkate unavyoitwa kwa Kireno, na sisi tukaita hivyo hivyo. Mimi mbio na kitambaa changu. Bibi yangu, mwanamke wa Mikindani aliyenilea peke yake kwa ulimi mkali, ameshatia tangawizi kwenye chai. Ganda linavunjika kwa sauti, ndani jepesi, linatoa mvuke. Ukilichovya kwenye chai ile, basi tena!

Kisha ndege za Mreno zikaanza kuonekana mpakani. Watu wakaingiwa na hofu, na hofu ikazaa maneno. Moshi ule wa alfajiri ni wa nini? Mbona anaita kwa Kireno? Balozi wetu wa nyumba kumi, baba mmoja aliyekuwa karani bandarini, akamfuata uani kwake mchana kweupe.

“Mama, hapa hatutaki lugha ya adui. Ama uache kuita hilo neno, ama urudi kambini.”

Kambi ya wakimbizi ilikuwa mbali, porini, hakuna pipa wala wateja. Mtu mwingine angesema haya, nitaita mkate. Yeye alisimama na unga mikononi, akasema, “Nyumba yangu Mreno kachoma. Shamba kachukua. Na neno nililowaitia wanangu waje kula, nalo nimwachie?”

Balozi akasema mtaa mzima utaamua Jumamosi.

Niliona uchungu, nililia hadi macho yakavimba. Shuleni mwalimu wetu, aliyewahi kusomea upadri akaacha njiani, akaniuliza nina nini. Nilipomweleza, akashika chaki. “Hilo neno Mreno hakulizaa,” akasema, “amelirithi.” Waspaniola wana *pan*, Waitalia wana *pane*, Wafaransa wana *pain*, na hata Waromania wana la kwao. Wote ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni *panis* ya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Asili yake, alisema, ni kulisha. Na humo humo kwenye mkate watu hao wakapata neno la kumwitia mwenzao: yule unayekula naye mkate. Halafu akatutajia maneno ambayo sisi wenyewe tumeyatoa kwa Mreno, darasa zima tukabaki midomo wazi.

Nilifika nyumbani nikamwagia bibi yote. Alikuwa anakuna nazi. Akasita hapo juu ya mbuzi. “Hebu yataje tena hayo ya kwetu,” akasema.

Jumamosi barazani kwa balozi palijaa. Mwalimu alizungumza vizuri, lakini alizungumzia Warumi mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Balozi akamkata: “Mwalimu, Kilatini hakizuii ndege.” Watu wakacheka. Jirani yetu aliinamisha kichwa, na mimi nikajua tumekwisha.

Bibi akainuka, akajifunga kanga vizuri.

“Mwalimu, meza ni neno la nani?”

“Tumelitoa kwa Mreno, bibi.”

“Na nanasi?”

“Kwa Mreno.”

“Na hiyo bendera juu ya mlango wa balozi?”

Mwalimu akaitazama bendera ile. “Bendera... nalo ni la Mreno.”

Bibi akamgeukia balozi taratibu. “Basi baba, iteremshe.”

Weee! Baraza lililipuka. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Balozi alijitahidi kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akafuta machozi. Jirani akachukua pau kwenye kapu lake, akalimega, akampa nusu. Balozi akalila lote pale pale, mbele ya watu. Nilipiga vigelegele kama mwali ni mimi.

Siku hizi Rahaleo mkate hauitwi tena, unangoja dukani. Uani pale pamejengwa vyumba vya kupanga, na vijana niliowauliza kuhusu pau walinishangaa. Nasikitika, siwezi kuficha. Lakini jirani yetu hakufukuzwa na mtu. Aliondoka kwa kupenda kwake, Msumbiji ilipopata uhuru. Mtaa mzima tulimsindikiza hadi kwenye lori, na aliyetangulia mbele, na mzigo wake kichwani, alikuwa balozi, anaita kwa sauti ya kupasua koo, anavuta puani vile vile: “Pau! Pau moto!”