Fundi wa Saa Isiyorudi Nyuma

Mtaani walimwita Bi Sekunde, na wengi hawakujua hata jina hilo lilianzia wapi. Walichojua ni kwamba ni mke wa fundi cherehani, kwamba anashinda kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la mumewe na kompyuta mbili juu ya meza ya kukatia nguo, na kwamba ukimuuliza saa hakwambii "kama saa nne hivi". Hilo "kama" halimtoki mdomoni.

Kazi yake ilikuwa usafi. Mama mkwe wake aliposikia kwamba mkwewe anafanya usafi ndani ya kompyuta, alimletea kitambaa kibichi na kumkumbusha asisahau pembeni. Bi Sekunde alishukuru, akafuta kioo, akaendelea.

Sasa, kila kompyuta ina programu iliyo mama wa programu zote, kiini chake, na ndani ya kiini hicho kuna sehemu inayorekebisha saa. Maana saa ya kompyuta ni mwongo jamani. Joto likipanda inakimbia, baridi ikiingia inajikokota. Basi kiini huuliza wenzake walioko mbali saa sahihi ni ngapi, na kikijikuta kimetangulia, hakirudishi saa nyuma, thubutu! Kinapunguza mwendo kidogo kidogo, bila mtu kuhisi, mpaka ukweli ukifikie. Saa ikirudi nyuma, jibu linaweza kuonekana limefika kabla ya swali, na programu zote zikachanganyikiwa. Siku Bi Sekunde alipolielewa hilo kwa mara ya kwanza, aliondoa mikono mezani. Hakuwahi kudhani kwamba wakati unabembelezwa.

Sehemu hiyo ilikuwa imeandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, kila mmoja akishona kiraka juu ya kiraka cha mwenzake, hadi ikawa haisomeki. Bi Sekunde alijitolea kuinyoosha. Na sharti la usafi wa aina hii ni gumu: ukimaliza, kisibadilike kitu. Unatoka jasho miezi na miezi ili mambo yawe vilevile.

Mlezi wa sehemu hiyo, yaani mwenye kuamua kipi kiingie na kipi kisiingie, alikuwa mzee mmoja wa nchi ya mbali, ambaye hawakuwahi kuonana naye ila kwa barua pepe, na barua zake zilikuwa fupi utadhani analipishwa kwa neno. Mzee huyo alikuwa amechoka. Alishamwambia kwamba usafi huu ukipita salama, atamkabidhi yeye ulezi wa saa. Bi Sekunde aliutaka ulezi huo kwa moyo wote, kiasi kwamba hakuthubutu kumwambia hata mumewe anautaka kiasi gani.

Akamaliza, akatuma. Mzee akajibu, "Safi," ambayo kwake ilikuwa hotuba. Kazi ikapangwa kutoka na toleo linalofuata, iende kwenye mashine za dunia nzima.

Lakini yeye hakuzima kompyuta zake. Moja ilikuwa na programu ya zamani, nyingine ile mpya, na zote mbili aliziacha zikiulizwa saa bila kupumzika. Alasiri moja, cherehani ikilia chumba cha mbele, mstari mwekundu ukatokea kwenye kioo cha ile mpya. Saa ilikuwa imejibu, kisha ikajibu tena pungufu. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, hata nzi asingewahi kuinua bawa. Lakini wakati ulikuwa umerudi nyuma, humo chumbani mwake, na aliyeurudisha ni yeye.

Akapekua programu hadi akakiona chanzo. Kulikuwa na mstari mmoja wa hesabu ya kutoa, mfupi, usio na maelezo, alioufuta kwa sababu ulionekana umekaa bure. Kumbe! Mwendo wa saa ukibadilishwa katikati, muda uliokwisha kupita lakini haujaandikwa hupimwa upya kwa mwendo mpya, kama kitambaa ulichokwisha kukipima kwa mkono wako, halafu mwenye mkono mfupi akaja kukihesabu tena. Mstari ule ulikuwa unazuia hilo. Ulikuwa unahakikisha kwamba kilichopita kimepita. Mtu fulani, wala hakumjua, aliketi akaiwazia chembe hiyo ya wakati, akaiwekea ulinzi, akaondoka bila kutangaza. Bi Sekunde alilia kwa hofu, na zaidi kwa mshangao.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Angeweza kuupenyeza mstari ule pamoja na marekebisho mengine, na ulezi ukabaki wake. Alimweleza mumewe. Mume alisimamisha cherehani, akauliza kama mzee yule angekuja kujua. Akaambiwa hapana. Alimtazama tu juu ya miwani, kisha akaendelea kutunga uzi.

Bi Sekunde akarudi ndani, akamwandikia mzee kwamba mstari ameufuta yeye, kwamba saa inarudi nyuma, ushahidi huu hapa, toleo lisitoke. Akamalizia: "Kama nafasi ile si yangu tena, nitaelewa."

Usiku huo hakula vizuri. Asubuhi jibu lilikuwepo, refu kuliko yote aliyowahi kupata kwa mzee.

"Mimi pia niliufuta, mwaka wangu wa kwanza. Aliyenitangulia naye aliufuta. Wote tuliurudisha kimyakimya. Urudishe, kisha andika juu yake maelezo ambayo sisi tuliona aibu kuyaandika. Saa ni yako."

Alisoma akiwa amesimama, mkono mdomoni. Kisha akakaa, akaurudisha mstari mahali pake, na juu yake akaandika: "Mstari huu unaonekana hauna kazi. Mimi niliufuta, na wakati ukarudi nyuma." Akasita kidogo, halafu akaweka jina lake kamili.